Nyumba Yangu Inapigiwa Hodi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, na natumaini barua hii itakukuta nawe mzima, na lile goti lako limekubali tena kupanda kilima cha kanisani. Mihogo imeshika? Na yule mbuzi mkorofi bado yupo, au mmeshamla?

Barua uliyomwandikisha dada Marta imefika, nayo imenichekesha na kunikasirisha pamoja. Eti baba yake Tabitha anataka kuirudisha posa yangu, kwa kuwa binti yake haolewi na mtu asiye na nyumba, anayelala majini kama kiboko! Mama, Tabitha simwachi. Basi nisikilize vizuri, ili ukamjibu mzee huyo.

Ni kweli naishi kwenye mashua. Lakini si baharini wala mtoni. Waingereza walichimba mifereji katikati ya mashamba yao, na mashua zake ni nyembamba na ndefu, kama kutoka mlango wa kanisa letu la Maneromango hadi madhabahuni. Yetu hubeba makaa ya mawe, na huvutwa na farasi anayetembea kando ya maji. Penye kilima kuna milango: unaingia, unafungiwa, maji yanajazwa, nawe unapanda juu pamoja na mzigo wako. Kwa njia hiyo ungetoka Pugu hadi Kisarawe umekaa, unamenya mihogo. Chumba cha kulala kiko nyuma, kina jiko la chuma, kitanda cha kukunja na sahani za maua ukutani. Ni kidogo, sikatai. Nikinyoosha mikono nakaribia kugusa kuta zote mbili.

Shida zipo. Wakati wa baridi mfereji uliganda, tukakwama mahali tusipojulikana, mikono ikanipasuka hata kamba nikashindwa kuishika. Tena watu wa nchi kavu huwadharau watu wa mashua, dukani huwahudumia mwisho. Mimi wananidharau mara mbili, kwa mashua na kwa rangi yangu. Nami huwaamkia kwa sauti kubwa mpaka waone haya wenyewe.

Jinsi nilivyoipata kazi hii utacheka. Nilipoacha kazi ya meli niliambiwa kuna mjane, Bi Ada, nahodha wa mashua, anatafuta msaidizi. Tulikwenda wawili, mimi na Mwingereza mmoja aliyeijua kazi. Yeye aliruka moja kwa moja ndani, akaanza kukagua kamba. Mimi niliona pazia, nikaona sufuria inafuka moshi, miguu ikagoma. Pale si nyumbani kwa mtu? Nikasimama ukingoni nikapiga hodi, kwa Kiswahili, maana Kiingereza chote kilinitoka. Bi Ada akatoa kichwa, akamtimua mwenzangu.

"Shuka nyumbani kwangu!" Kisha akanigeukia mimi. "Wewe, ingia."

Kumbe watu wa mashua nao ndivyo walivyo. Hukanyagi mashua ya mtu mpaka umeita na kujibiwa.

Nilifanya naye kazi hadi magoti yakamshinda. Sasa amehamia kwa binti yake, analalamika kwamba nyumba ya huko haitikisiki hata kidogo, hapati usingizi. Alipoondoka alimwambia tajiri wetu, mwenye mashua, kwamba nahodha ni mimi, asihangaike kutafuta mwingine.

Juzi alikuja kunitembelea. Mama, humu ameishi tangu alipoolewa, na watoto wake wote aliwazalia humu. Lakini alisimama ukingoni, mvua inamnyeshea, akagonga ubavu wa mashua kwa fimbo yake, akaita, "Hodi!" Neno hilo nilimfundisha mwenyewe. Akangoja. Hakuinua hata mguu mpaka niliposema karibu. Nililia, sikufichi.

Basi mwende na mjomba Zakayo kwa baba yake Tabitha, mkamweleze kama nilivyoeleza. Nyumba ninayo, na mwenye nyumba ni mimi.

Nisalimie mjomba Zakayo, fundi wetu wa mizinga ya nyuki. Nisalimie shangazi Debora, mwenye sauti ya kwanza katika kwaya nzima. Na dada Marta, anayekusomea barua hii, aache kucheka asome.

Tabitha mwambieni atafute nguo nzito. Na siku akifika hapa ukingoni, yeye asipige hodi.

Ni mimi mwanao,
Samweli