Mkono Uliomkamua Kairu

Jumatatu, 3 Machi
Baridi kali. Maziwa yamefika kituoni kabla gari la kiwanda halijaondoka. Nimekata nepia, nyasi za ng'ombe wetu Kairu, nimefagia zizi, nimefua. Kiwiko kimeanza tena.

Hii ni mara ya tatu. Ya kwanza ilikuja wakati wa kuchuma kahawa, ikaisha yenyewe. Ya pili ilikaa msimu mzima wa mvua. Nilidhani tumeachana na haya maumivu. Kumbe yalikuwa yameenda kutembea tu.

Ni pale pale, upande wa nje wa kiwiko cha kulia, kwenye mfupa. Kubonyeza ni machozi. Kuinua birika ni vita. Sijamwambia mume wangu, Baba Wangeci. Tangu aache kuendesha lori anatafuta kitu cha kusimamia, na sitaki kiwe mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Njoki, jirani, ameniona nikifungua geti kwa kushoto. Yule macho yake hayapitwi na kitu. Amerudi na thabai, yale majani yanayowasha tunayochanganya na viazi, akanichapa nayo kwenye kiwiko mpaka ngozi ikavimba. Ati mama yake alipona magoti hivyo. Mimi nakumbuka mama yake akienda kaburini na magoti yale yale, lakini nikasema asante.

Sasa kinauma ndani na kinawasha nje. Maendeleo.

Jumatatu, 10 Machi
Hospitali, Nyeri mjini. Foleni ya kufa mtu. Daktari wa viungo ni msichana, Achieng, wa kutoka upande wa Kisumu. Alibonyeza penyewe mara ya kwanza, nikaona nyota mchana.

Amesema ni kano, ile kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Imechoka. Nilingoja aniambie nipumzike, nikatae, niende zangu. Hakusema hivyo. Mkono ukilazwa kabisa unadhoofika, na maumivu yanakungoja palepale. Nishike chupa ndogo ya maji, kiganja kikitazama chini, niishushe polepole. Nitembee. Nilime kidogo. Mizigo nibebe kwa kushoto.

Kisha akauliza kazi gani hurudiwa kila siku. Nikamwambia.

"Mama, hizo kazi zingine fanya tu, lakini pole pole. Kukamua ndio upeane kwa mtu, hata kama ni miezi mbili."

Nikasema sawa. Uongo mtupu. Nimpe nani? Kairu hajawahi kukamuliwa na mkono mwingine tangu azae mara ya kwanza. Ng'ombe wa watu wakikataa kuteremsha maziwa, kijiji hiki huniita mimi. Hiyo ndiyo sifa yangu. Sina nyingine.

Ijumaa, 14 Machi
Chupa asubuhi, chupa jioni. Najiona mjinga, mwanamke mzima anachezea maji.

Kukamua nimepata ujanja. Mimi hukaa kushoto kwa Kairu. Mkono wa kushoto hushika chuchu za mbele, wa kulia za nyuma, na za nyuma ndizo zenye maziwa mengi. Sasa wa kushoto ukimaliza zake unavuka kumsaidia mwenzake. Wa kulia unavuta kidogo, unapumzika, unavuta. Kazi inakwenda. Maziwa yamepungua kidogo. Nimemwambia Baba Wangeci ni kiangazi, nyasi hazina maji. Amekubali. Mtu wa lori atajua nini?

Jumatano, 19 Machi
Wangeci amepiga simu kutoka Kutus. Mama Njoki ameshamfikia, bila shaka. "Mum, si uuze tu hiyo ng'ombe upumzike."

Nimesema mtandao ni mbaya, nikakata. Nimekasirika mpaka nikaunguza sufuria ya githeri. Yeye ana duka, ana watoto, ana watu wanaomwita kutwa. Baba yake anaamshwa na redio. Mimi naamshwa na Kairu. Akienda, mimi nitakuwa nani humu ndani? Mwanamke wa kupasha chai.

Jumapili, 23 Machi
Kanisani. Baada ya ibada ni salamu, na huku kwetu salamu ni mkono. Huwezi kumpungia mtu kama uko kwenye basi. Watapanga hadithi kwamba umejitenga. Nikatoa wa kulia, mmoja baada ya mwingine. Mzee wa kanisa akaushika, akautikisa kama anapiga pampu ya kisima, huku akiniuliza habari za wajukuu. Nikamjibu habari zote nikitabasamu.

Jioni ngumi haikufunga. Nikamaliza za mbele. Za nyuma nikavuta juu juu, nikaziacha na maziwa ndani. Nitamalizia kesho.

Jumatano, 26 Machi
Sijamalizia. Kila siku maziwa kidogo yanabaki ndani. Leo Kairu ameinua mguu nilipomgusa nyuma. Nimemgombeza.

Jumamosi, 29 Machi
Maziwa yamerudishwa.

Mpokeaji alipima, akatazama, akapima tena. Akanirudishia mtungi mbele ya foleni yote. Miaka yote hii, sijawahi kurudishiwa maziwa. Nimewaona wengine wakirudishiwa, nikasema moyoni kwamba ni wavivu.

Nyumbani nikamkamua Kairu juu ya kitambaa cheusi. Vibonge. Katika vibonge, uzi wa damu. Chuchu ya nyuma upande wa kulia ni ya moto, na kiwele juu yake ni kigumu kama kiazi kibichi. Ya pili ya nyuma imeanza kufuata. Za mbele ni nzima kabisa.

Mbili za mkono wangu wa kulia. Najua vizuri nilichofanya. Maziwa yakilala ndani yanaoza, hata mtoto wa shule ya msingi huku anajua. Mimi ndiye huwafundisha watu hilo.

Jumanne, 1 Aprili
Daktari wa mifugo amekuja. Sindano, na dawa ya kuingiza kwenye chuchu. Amesema zikamuliwe mpaka ziishe kabisa, tena na tena mchana kutwa, la sivyo zitakufa. Akauliza nani anakamua hapa.

Baba Wangeci akanielekeza kwa kidevu, kifua mbele. "Ni huyu. Mkono kama hiyo hakuna hapa Tetu yote."

Nilitazama chini. Nimejichukia leo kuliko siku nyingine yoyote.

Nimekamua kila alivyoagiza. Kairu anarusha teke kwa uchungu, mimi navuta kwa uchungu, kila mmoja anamuumiza mwenzake. Mara ya mwisho nililia waziwazi, paji la uso kwenye ubavu wake. Hakuwa na habari na machozi yangu.

Jumamosi, 5 Aprili
Mkono umeniangusha. Nilikuwa nikiepua sufuria, vidole vikafunguka vyenyewe. Chai yote sakafuni. Baba Wangeci akaja mbio, akanikuta nimekaa chini katikati ya majani ya chai.

Nikasema. "Ni hii mkono. Sikuwa nammaliza maziwa. Ni mimi nimeharibu Kairu."

Nilingoja kelele. Hakuna. Akachukua kitambaa, akapangusa sakafu, vibaya. Akauliza nimeumwa tangu lini, nikamweleza yote, hata hospitali, hata kiangazi nilichokisingizia.

"Na mbona ukanificha? Mimi ni mgeni hapa?"

Hilo limenichoma kuliko kiwiko. Ningesema nini? Kwamba niliogopa ataniona sifai? Kwamba sikutaka aguse kitu changu? Vyote ni kweli.

Baadaye akasema mambo ni mawili. Aite mnunuzi wa Karatina amchukue Kairu kabla hajakonda, au nimfundishe yeye kukamua. Nikacheka, cheko baya. Yeye hakucheka.

Jumapili, 6 Aprili
Hatukwenda kanisani. Somo la kwanza. Ana vidole vya kushika usukani. Anavuta chuchu kama anang'oa mhogo. Nikamwonyesha: funga juu kwanza, kisha shuka kidole kwa kidole. Kairu akapiga ndoo teke. Kisha akafanya lile nililokuwa nikiliogopa, akazuia maziwa. Kiwele kimejaa, hakitoi hata tone. Na dawa haisubiri.

Kuna jambo moja la kufanya, kila mkamuaji analijua. Ng'ombe hunusa kabla hajaguswa. Nikavua koti langu la zizini, lile la buluu, nikavua na kitambaa cha kichwa. Nikamwambia avae.

Alitazama juu, akatazama barabarani, akavaa. Koti halikufunga kifungo hata kimoja. Kitambaa nikamfunga mwenyewe kwa mkono mmoja na meno. Dereva wa lori, mzee wa ukoo, amevaa maua ya njano kichwani. Na Mama Njoki akapita kando ya ua wakati huo huo, kama kawaida yake. Sasa jambo hilo limefika Nyeri mjini.

Kairu akanusa mkono wa koti. Akanusa tena. Akateremsha. Kidogo, lakini akateremsha.

Nilisimama mlangoni na sweta. Nilihisi baridi.

Jumanne, 8 Aprili
Daktari wa mifugo amerudi. Ya nyuma kulia imekufa, haitatoa maziwa tena maishani. Ile nyingine itapona. Amesema hayo huku akifunga begi. Ng'ombe wengi wanaishi na tatu, mama, usijali.

Najali. Sitaki kuandika zaidi.

Jumatano, 16 Aprili
Mvua imefika. Hospitali tena. Achieng amefurahi. Nafunga ngumi, nainua birika, amenipa chupa kubwa zaidi. Ameonya kwamba maumivu yatarudi tu nikirudia kazi ile ile, na kwamba hii kano itanidai uangalizi mpaka uzeeni. Akauliza nani anakamua. Nikasema mzee. Akapiga makofi, akamwita mwenzake aje asikie, ati laiti wanaume wote wa Nyeri wangekuwa hivyo.

Nimerudi kwa miguu kuanzia stendi ya juu, kwa sababu kutembea naruhusiwa. Mkono unapona na chuchu imekufa. Sioni cha kupigia makofi.

Ijumaa, 18 Aprili
Baba Wangeci anakamua vizuri kuliko nilivyotaka. Anamaliza mpaka tone la mwisho. Nimeangalia kwa siri, nikamkuta hana kosa. Nimekwenda kumkosoa jinsi anavyoosha ndoo.

Jumatatu, 28 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Koti la buluu nilikuwa nimelifua jana, halijakauka. Nikamwambia Baba Wangeci asubiri nilianike juu ya jiko. Akasema maziwa yatachelewa gari. Akaenda na jaketi lake la zamani la safari, linalonuka dizeli mpaka leo, kichwa wazi.

Nikatoka nyuma yake. Nilijua Kairu atakataa. Nitasema ukweli, nilitaka akatae.

Alikuwa anacheua. Baba Wangeci akaketi upande wa kushoto, mahali pangu, akamwosha, akashika. Kairu hakugeuza hata kichwa. Maziwa yakaanza kulia ndani ya ndoo, mazito, ya kasi nzuri.

"Ameteremsha vizuri," akaniambia. Nikasema ni vizuri.

Maziwa yamepokelewa kituoni. Mvua imepungua. Nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni na chupa yangu, kiganja chini, nikaishusha polepole, nikaiinua, nikaishusha. Hakuna aliyeniita.