Baiskeli ya Baba Bila Breki

Jastini, nimeshaamua: gia na breki zinarudi. Asante sana kwa ushauri wako wa Dar. Asante mno!

Leo fundi Blasius aling'oa gia na breki zote za ile baiskeli ya resi ya baba, nijaribu kwanza huo mtindo wako. Pedali na tairi vikawa vinazunguka pamoja. Ukitaka kusimama unakaza miguu, si ndivyo ulivyosema?

KAZA MIGUU. Kwenye mteremko wa Litembo!

Huko kwenu ni tambarare, bwana mkubwa. Huku pedali ndizo zilizonizungusha mimi. Nikaacha njia, nikaingia shambani kwetu, nikatua kichwa chini ndani ya ngoro, yale mashimo yetu ya kukinga maji, pamoja na maharage yaliyoota juzi kwenye matuta yake.

Na baba yuko palepale na jembe lake.

"Shikamoo baba." Nimeamkia nikiwa shimoni. SHIMONI, Jastini!

Baba aliinua baiskeli, akaipangusa udongo, akapapasa pale breki zilipokuwa.

"Mama yako aliposhikwa na uchungu wa kukuzaa, nilimpakia kwenye hii kwenda hospitali," akasema. "Tulishuka mteremko huuhuu, nimekaza breki. Tulifika wote watatu."