Hatua Tisa Hadi kwa Daktari

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai tumbo limetulia tangu urudi nyumbani. Mimi mzima. Tafadhali usimkasirikie daktari wetu. Nina miezi miwili tu hapa mapokezi ya hospitali, naogopa hata kukohoa. Kama alisema upunguze mwili, punguza tu, usibishane.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima, ila tumbo limegoma. Sikubishana. Nilipopanda mizani muuguzi aliwaita wenzake waje kuona. Nikawaambia wakate tiketi. Daktari hakuinua macho. Nilimwonyesha panapouma, hapa kulia, akasema, “Mama, kinachokuuma ni kula.” Nimeacha chakula cha jioni. Sitakuaibisha kazini.

Mama yako

9 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Kazi inakwendaje? Gauni langu la samawati nimelipunguza mara ya tatu. Nadhani hata cherehani inanishangaa. Majirani walioniita Lori sasa wananisimamisha njiani kunipongeza. Mwenye duka ameniuliza siri. Sijamwambia kwamba chakula hakikai tumboni. Sijawahi kusifiwa mwili tangu nizaliwe, mwanangu, nikaona ninyamaze nisifiwe kidogo.

Je, ukimwomba daktari aniangalie tena, utapata taabu?

Mama yako

15 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi umepungua, hongera sana. Kuhusu daktari, jana niliinuka kitini, nikakaa tena. Barua ya kunithibitisha kazini inatoka mwezi ujao. Nikishaipata nitamwambia. Vumilia kidogo, Mama.

Mwanao

2 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimezoea kuanza hivyo, hata kama hakuna wa kuitikia.

Barua ya kazi ilitoka siku sita baada ya kukuzika. Leo nimeitoa kadi yako kabatini. Uzito wako umeandikwa mara nne. Tumbo halikuandikwa hata mara moja.

Asubuhi alikuja mama mmoja mnene, ameshika ubavu. Kwenye mizani wauguzi wakaanza kucheka. Nilimshika mkono tukaingia wote kwa daktari. Nikasema, “Huyu anaumwa. Naomba umguse panapouma.” Daktari akavaa glavu. Sikutoka mpaka nilipoona mkono wake tumboni mwa yule mama.

Wakati wa kurudi nilihesabu. Kutoka mlango wake hadi meza yangu ni hatua tisa.

Mwanao