Nilimwonyesha Senge Picha Moja Tu

Mama Waruguru, nimesoma safu yako tangu nikiwa shule na sikudhani siku moja ningekuandikia, lakini nimekwama, nisaidie. Nasomea fizikia Ujerumani, na kazi yangu ni kulinganisha programu mbili za kompyuta zinazokadiria jinsi miale ya chembe za kaboni inavyoua saratani, mimi si tabibu na sijawahi kumgusa mgonjwa. Juni nilipokuja likizo nilienda Tongaren kumwona senge Nangila, dada ya baba, ndiye aliyenilea, ana saratani ya shingo na alikuwa akienda kliniki Bungoma, akaniuliza nafanya kazi gani huko nikafungua kompyuta, akasema, “Na yangu je? Si uweke yangu pia,” basi nikaingiza vipimo vya uvimbe wake ili afurahi, programu moja ikaonyesha karibu wote umekufa, ya pili ikaonyesha sehemu kubwa imebaki, nami nikamwonyesha ile ya kwanza peke yake. Alikuwa ameketi wima mbele ya kompyuta, kitambaa amekitoa shingoni, hatikisiki. Kumbe alidhani kompyuta inamtibu. Sasa anasema maumivu yamepungua na amekosa kliniki mara mbili, binamu yangu Wanjala akimhimiza anajibu, “Ati nirudi kwa sindano na Kizito alishachoma hiyo kitu? Wacha bana.” Ametoa ushuhuda kanisani kwamba amepona, akinishika mkono, nami nimekuja kujificha kwa rafiki, naogopa ukweli utamvunja moyo.

Kizito, Kitale, Agosti 2009

Kizito, pole sana. Najua hukukusudia kumdanganya, ulitaka atabasamu, na aliyekulea ni vigumu kumnyima hilo.

Lakini nitakugombeza kidogo. Chuoni unalinganisha programu mbili kwa sababu moja peke yake huiamini. Ungempelekea profesa wako ile nzuri tu, angekurudisha nayo. Mbona senge ukampa nusu? Wewe unaogopa kumvunja moyo, na uvimbe unaendelea kukua.

Kesho asubuhi nenda Tongaren, usipige simu wala usimtume Wanjala. Mwambie kwa ufupi: ile ilikuwa hesabu, hakuna mwale uliotoka, nilipaswa kukwambia siku ileile. Mambo ya kaboni yaache. Akikasirika nyamaza, ana haki. Kisha mpeleke Bungoma wewe mwenyewe, mweleze daktari kliniki alizokosa, na uketi naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe. Kanisani nako usimame wewe useme, asiaibike yeye.

Alikaa mbele ya kompyuta yako bila kutikisika kwa sababu ni wewe. Hata kliniki atarudi kwa sababu ni wewe.