Kombe la Mfaume

Lindi, mwezi wa Shaabani

Kaka yangu Athumani, huko Kilwa,

Shikamoo. Mbuzi uliyeniachia amezaa pacha.

Habari ya mwanangu Mfaume kufa kwa homa ulishaipata. Alikufa mguu mmoja nje ya shuka, kama alivyozoea kulala tangu mdogo. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa amemwandikia kombe, aya za zafarani kwenye sahani, tukaziosha kwa maji akanywa. Askari wa boma aliiona chupa ya maji hayo kando ya kitanda. Sasa anatangaza sokoni kwamba mwanangu alikunywa dawa ya vita, yale maji waliyokunywa wapiganaji ili risasi zisiwadhuru.

Jana alinisimamisha. "Bi Kidawa, maji ya risasi yameshindwa na homa?" Watu wakacheka, kaka, hata waliombeba Mfaume kaburini.

Nikamwendea mwalimu aseme kweli. Akanijibu, "Dada, nikisema niliandika mimi, watu wa boma watanitia kitanzi mimi."

Arobaini ni mwisho wa mwezi, na kila jirani ninayemwalika ana safari. Nimechoka kueleza. Njoo usome hitima, hata tukiwa wawili. Mchele nimetwanga wa mtaa mzima, na sitaupunguza.

Dada yako,
Kidawa binti Makame