Kaluki, Chumvi Sasa Inatosha

Mwaka umetimia tangu ututoke, Kaluki. Asubuhi ile mimi ndiye nilikuwa stejini Sultan Hamud, mkoba begani, naelekea Voi, vile unanijua. Simu ikalia. Mkoba ulikuwa wangu, safari ikawa yako.

Si saratani ya koo iliyokuchukua. Hiyo uliishinda. Ulikuwa moyo, nao ulikuwa umefanya kazi yake.

Tunakukumbuka kwa hoteli yako ya Kasikeu, sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, ikiwa motoni kabla jogoo hajawika. Asiye na kitu ulimpakulia, ukamwambia, "Kula kwanza, aibu utaona baadaye."

Kisha zikaja zile wiki saba za mionzi na kemo. Shingo ikaungua kama hindi la kuchoma, mate yakakauka, kinywa kikajaa vidonda. Ulisukutua maji ya chumvi, na chupa ya maji haikukutoka mkononi hata kanisani. Nesi alikwambia utoe ulimi mara kumi kila siku, koo lisije likakaza. Zote kumi ulinitolea mimi, kaka yako. Mume wako Kilonzo akasema, "Shemeji, usiende mbali. Huyu akikukosa atanigeukia mimi."

Kumeza kulirudi, kijiko kwa kijiko cha uji. Ladha ikakataa kurudi. Hapo ndipo tulikuona ukiogopa, maana mpishi asiyeonja atapika nini? Lakini hoteli hukufunga. Ulinishika mkono: "Nthiwa, kaa. Wewe utanionjea."

Nikakaa miezi mitano, mimi ambaye wiki mbili mahali pamoja ni kifungo. Kila siku nilionja, nikasema, "Ongeza chumvi." Sugow, mnunuzi wa mbuzi, alikuwa anamaliza jagi zima la maji kila mlo, na kwa heshima yako kesho yake akarudi.

Jumanne moja ukalamba mwiko, ukakunja uso.

"Nthiwa! Kumbe umekuwa ukiwalisha watu bahari?"

Ukacheka mpaka ukaitisha maji. Ukalia pia. Kisha ukapakua sahani, ukaila yote na chumvi yake.

Kilonzo amepanda ndengu, zimeshika. Binti yako Ndila ndiye mwenye hoteli sasa. Mjukuu wako Yvonne anaosha sahani akiimba vibaya kama wewe. Sugow bado anakuja. Glasi moja inamtosha. Mimi, kaka yako Nthiwa, niko Kasikeu. Mkoba unaning'inia nyuma ya mlango wa jikoni, na kuonja nimekatazwa.

Kila mwiko ukionjwa hapa, Kaluki, ni wewe tunakukumbuka.