Filamu Iliyoogopa Kitanzi

Babu,

Huku Mbulumbulu maharage tumeshavuna. Bibi hajambo, ila bado anakutengea kiti. Nakuandikia kwa sababu nimeiona hadithi yako kwenye filamu, nimekasirika, na hakuna mwingine wa kumwambia.

Ni ile ya kibiongo anayepiga kengele za kanisa kubwa la Paris, na binti mcheza ngoma mwenye mbuzi. Riwaya ya Kifaransa uliyoisoma ukiwa seminari, kabla hujamwona Bibi ukaachana na habari za upadri. Ulinisimulia jioni tukichambua maharage, kipande kwa kipande. Tulifika pale binti anapohukumiwa kunyongwa. Nikiuliza, "Halafu?" unajibu, "Halafu kesho, mjukuu wangu." Kesho zikawa nyingi. Kisha ukaugua, ukaondoka na mwisho wake.

Sasa Mjomba Paulo, anayeongoza watalii Ngorongoro, alipewa na mgeni filamu ya zamani ya Hollywood, isiyo na rangi. Akaipeleka banda la video la Karatu, na mtafsiri wa banda akaisemea kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti. Nilikwenda kwa moyo wote. Nilitaka mwisho wako.

Babu, ni takataka. Mbuzi ameogeshwa kama bibi harusi. Mbuzi wa namna ile hajawahi kuingia shamba la mtu. Maskini wa Paris wamepakwa masizi kwa mpangilio, kila mmoja shavu moja. Kibiongo wamembandika uso wa bandia, eti tumwogope. Wewe ulijitwika gunia la maharage mgongoni ukatembea kutoka jikoni mpaka zizini, nami nikamwonea huruma hadi chakula kikanishinda. Mtafsiri naye hakunyamaza hata penye kulia: "Mcheki mwana, kama nyani wa Manyara kaiba mkate!" Vijana wakacheka. Sikumlaumu sana. Filamu yenyewe ndiyo iliyoanza mzaha.

Halafu mwisho. Binti anaokolewa! Umati unashangilia, yeye anaondoka zake na mtunga mashairi, kibiongo anabaki juu ya kanisa na sanamu za mawe. Mtafsiri akafunga: "Haya, jamani, mapenzi yameshinda, nendeni salama!" Watu wakapiga makofi. Makofi, Babu. Aliyemtoa binti kwenye kitanzi ameachwa juu peke yake, na wao wanatafuta ndala zao chini ya mabenchi.

Sikuamini. Nikambana Mjomba amuulize Mfaransa yeyote atakayepanda gari lake. Alirudi na jibu huku anaangalia pembeni: kwenye kitabu, binti ananyongwa. Kibiongo anamfuata walikomtupa, anamkumbatia, anafia hapo.

Nilipomwambia Bibi, hakushtuka. Alisema, "Babu yako alijua. Mwaka ule tulikuwa tumemzika mama yako. Angemnyongaje binti wa watu mbele yako?"

Nilitaka kukukasirikia na wewe. Nikasema, kumbe Babu na Hollywood ni wamoja. Lakini nimewaza sana, na nimekataa. Wewe ulinyamaza, wao wamedanganya. Wewe ulimhurumia mtoto mmoja aliyekaa mbele yako na kidonda chake. Wao walimhurumia nani? Watu wazima waliolipa kiingilio, wasije wakarudi nyumbani na huzuni. Nawadharau, na sitaomba radhi.

Shuleni mwalimu wa Kifaransa hatuna, lakini Mjomba amekubali kunifundisha Jumapili baada ya misa. Kwa sasa najua kusalimia na kusema "twiga". Nitafika tu. Nakuahidi nitakisoma kitabu chote, na nikifika penye kitanzi sitafumba macho. Siku ya kumzika Mama mlinipeleka kwa jirani nikacheze, niliporudi kaburi limeshafukiwa. Sikumsindikiza. Huyu binti nitamsindikiza.

Lala salama, Babu. Ulinificha kwa mapenzi, nami nimekua.

Mjukuu wako,
Anna